Homa ya ini duniani: kwa nini nchi moja ina wagonjwa wengi na nyingine wachache? Tuelimishane

Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Uzi huu nimekaa nao kifuani tangu tulipomzika kaka yangu mkubwa. Alikuwa na miaka 41. Alianza kulalamika kwamba tumbo linajaa upesi hata akila kidogo, akadhani ni vidonda vya tumbo, akameza dawa za vidonda kwa miezi. Macho yalipogeuka manjano ndipo akapigwa picha ya tumbo, na ini likaonekana lina uvimbe mkubwa ambao haukufaa kukatwa. Damu ikaonyesha kirusi cha homa ya ini aina ya B. Daktari akatuambia huenda alikuwa nacho tangu utotoni. Toka siku hiyo hadi kaburini ni wiki 9.

Msibani nilisikia kila neno. Wapo waliosema pombe, na kaka hakuwahi kuionja. Wapo walionong'ona kuhusu wanawake, mama akiwa amekaa palepale anasikia. Nikajiapiza nitaujua ugonjwa huu hadi mzizi wake. Swali lililonishika kuliko yote ni hili: kwa nini ziko nchi ambako kati ya watu 100 utakuta 8 au 10 wana kirusi cha B, na ziko nyingine ambako hata mmoja humpati? Binadamu ni walewale, ini ni lilelile.

Nianze na ukubwa wa jambo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, watu milioni 254 wanaishi na maambukizi sugu ya B, na milioni 50 wana aina nyingine iitwayo C. Mwaka huo virusi hivi viliua watu milioni 1.3, kama 3,500 kila siku ya Mungu, sawa na vifo vya kifua kikuu. B peke yake ilichukua 83 katika kila vifo 100. Na vifo vilikuwa vinapanda, kwa kuwa mwaka 2019 vilikadiriwa kuwa milioni 1.1.

Sasa mgawanyo wake. Ukanda wa Pasifiki ya Magharibi, ambamo China imo, una watu milioni 97 wenye B. Afrika milioni 65. Kusini-Mashariki mwa Asia milioni 61. Amerika yote, kaskazini na kusini, milioni 5. Ukichukua B na C pamoja, nchi 10 tu zinabeba karibu theluthi mbili ya mzigo wa dunia nzima: China, India, Indonesia, Nigeria, Pakistan, Ethiopia, Bangladesh, Vietnam, Ufilipino na Urusi.

Nilipoona ramani mara ya kwanza nilidhani ni umaskini tu. Sivyo ilivyo, au tuseme hiyo ni sehemu ndogo ya maelezo. Taiwan ilikuwa inainuka kiuchumi huku watu wazima 15 hadi 20 kati ya 100 wakiwa na B.

Kilichonifungua macho ni umri. Mtoto akiambukizwa B wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yake yote ni kama 90 kwa 100. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, uwezekano huo haufiki hata 5 kwa 100, maana mwili wake unapigana, anaumwa wiki kadhaa, kisha anakifukuza. Mwili wa kichanga haupigani. Unakichukulia kirusi kama mwenyeji.

Hebu fikirini maana yake. Nchi ambayo watu wake huambukizwa ukubwani inaweza kuwa na wagonjwa wengi wa macho ya manjano mwaka huu, na bado wabebaji wa kudumu wakawa wachache. Nchi ambayo maambukizi yako kwa vichanga haisikii kelele yoyote. Hakuna homa, hakuna manjano, hakuna anayelazwa. Kisha baada ya miaka 30 au 40 saratani inaanza kuwachuma watu wa rika la kaka yangu, mmoja mmoja, kila familia ikidhani msiba ni wake peke yake.

Ndiyo maana ukinipa asilimia ya nchi, jambo la kwanza nitakalouliza ni kirusi kiliwaingia watu wakiwa na umri gani, na kupitia mlango upi. Wenye ujuzi karibuni mnirekebishe na kuongezea.

---

Nondo Fupi

Pole sana mkuu kwa msiba, Mungu ampumzishe kaka.

Naomba kuuliza kabla hatujafika mbali. Homa ya ini na homa ya manjano ni kitu kimoja? Mimi nina kile cheti cha njano cha kusafiria, chanjo nilichoma. Nimekuwa nikiamini nimeshakingwa.

---

Mwanamaabara

@Nondo Fupi asante kwa kuuliza, maana hili linachanganya watu wengi sana. Ni magonjwa mawili tofauti. Homa ya manjano huenezwa na mbu, na chanjo ya kile cheti ni ya homa hiyo tu. Homa ya ini ya virusi husababishwa na virusi vitano ambavyo havina hata undugu wa karibu: A, B, C, D na E. Vimewekwa kundi moja kwa sababu vyote hushambulia ini.

A na E hupitia mdomoni, kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. B, C na D hupitia damu, na B hupita pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. D ni kama kupe, hakiwezi kuishi bila B. Chanjo ipo ya A na ya B, na anayekingwa na B amekingwa na D moja kwa moja. C haina chanjo mpaka leo, ila ndiyo yenye dawa inayoponya kabisa. Chanjo ya E ipo, ilitengenezwa China, lakini haijaenea.

Kwa hiyo cheti chako hakikukingi na hata kimoja kati ya hivyo vitano. Kapime B, na ukikutwa huna, kachanje.

---

Mzee wa Hesabu

Mleta uzi umeandika vizuri na msiba wako nimeusoma kwa uchungu. Lakini mimi nimefanya kazi na takwimu miaka mingi na nina wasiwasi na watu wanaolinganisha nchi kwa namba tupu. Namba za homa ya ini zinapatikanaje? Nchi moja imepima wachangia damu, nyingine wajawazito, nyingine imekisia. Ukiziweka kwenye jedwali moja unapata upangaji mzuri wa kitu ambacho hakijapimwa kwa kipimo kimoja.

---

Mwanamaabara

@Mzee wa Hesabu hapo umegusa penyewe. Naomba nichukue nafasi kidogo, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Wachangia damu si picha ya nchi. Mchangiaji wa hiari anayerudi kila mara alishapimwa mwanzoni, na waliokutwa na kirusi walishaondolewa kwenye foleni. Kwa hiyo ukihesabu hao unapata namba ndogo kuliko hali halisi. Wajawazito wana faida moja, kwamba karibu wote hupita kliniki, lakini ni wanawake tu, tena wa umri wa kuzaa, na mahali pengi B huwa nyingi zaidi kwa wanaume. Kipimo chenye uzito ni kwenda kaya kwa kaya, kuchagua nyumba kwa kura, na kupima kila aliyemo. Ni ghali, na nchi nyingi hazijawahi kukifanya.

Uganda ilipima hivyo mwaka 2016 hadi 2017. Kati ya watu wazima wa miaka 15 hadi 64 walikutwa kama 4 kwa 100 wana B. Lakini ukiifungua hiyo namba unaona wanaume wako juu ya wanawake, na kaskazini iko juu kuliko kusini-magharibi kwa mbali. Yaani wastani wa nchi ulikuwa umeficha nchi mbili ndani ya moja.

Kwa C kuna mtego mwingine. Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Kama watu 30 kati ya 100 hukifukuza wenyewe bila dawa, na waliotibiwa wakapona nao hubaki na alama hiyo. Kwa hiyo kuna namba mbili, ya waliowahi kuambukizwa na ya walio na kirusi sasa hivi. Utafiti wa Misri wa mwaka 2015 ulikuta watu 10 kwa 100 wenye kingamwili, lakini 7 tu ndio waliokuwa na kirusi chenyewe. Watu hunakili namba ya kwanza kutoka nchi hii na ya pili kutoka nchi ile, kisha wanalinganisha. Nimeona makosa hayo hata kwenye maandishi ya wasomi.

---

Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Mwanamaabara umenifundisha. Kumbe hata ile asilimia ya nchi nzima inabidi kuifungua ndani.

Na kwa kuwa Misri imetajwa, naomba tukae hapo. Kwangu ndiyo habari inayoumiza kuliko zote, na pia ndiyo inayotia moyo kuliko zote.

Misri ilikuwa na C kuliko karibu nchi yoyote duniani. Chanzo? Matibabu. Bonde la Nile lilikuwa limejaa kichocho, na serikali ikaendesha kampeni za kuwatibu wananchi vijijini kwa sindano za dawa yenye madini ya antimoni. Kampeni zilipamba moto kuanzia miaka ya 1950 na zikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vidonge vilipochukua nafasi. Mtu mmoja alihitaji sindano nyingi, moja baada ya nyingine kwa wiki kadhaa. Sindano zilikuwa za kioo, zikichemshwa haraka haraka na kutumika tena. Wakati huo C haikuwa hata na jina, maana kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989. Watu walipanga foleni kwa imani kupona kichocho, wakarudi nyumbani na kirusi ambacho kingekaa kimya miaka 20 au 30 kabla ya kulinyausha ini.

Wale waliochoma sindano walikuwa wanataka kuokoa. Nikilifikiria hilo nashindwa hata kukasirika, nabaki na huzuni tu.

Kisha Misri hiyohiyo ikafanya jambo ambalo hakuna aliyetegemea. Dawa mpya za kumeza zilipopatikana, zile zinazoponya zaidi ya watu 95 kwa 100 kwa wiki kama 12, serikali ikajadiliana bei hadi ikashuka sana, viwanda vya ndani vikaanza kuzitengeneza. Mwaka 2018 wakaanza kupima nchi nzima. Karibu watu milioni 50 wakapimwa ndani ya miezi 7. Mwezi wa 10 mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitunuku Misri daraja la dhahabu katika safari ya kuitokomeza C, nchi ya kwanza kulifikia.

---

Kijukuu

Nimesoma hapo kwenye sindano nikatetemeka. Kwa hiyo ni mambo ya nchi maskini kukosa vifaa?

---

Mzee wa Hesabu

@Kijukuu hapana, na tusidanganyane. Japani iliwachanja watoto wake kwa wingi kuanzia mwaka 1948 hadi 1988 kwa sindano zilizorudiwa mtoto hadi mtoto, watu wengi sana wakapata B, wakaenda mahakamani, na mwaka 2012 ikaanza kutumika sheria ya kuwalipa fidia. Uingereza watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa C au VVU kwa kuongezewa damu na kupewa dawa zilizotengenezwa kwa damu, miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1990. Ripoti ya uchunguzi wake ilitoka mwaka 2024, watu kama 3,000 wakiwa wameshakufa. Marekani nako C ilikuwa imejaa kwa waliozaliwa kati ya 1945 na 1965, na baada ya mwaka 2010 ikapanda tena kwa vijana wanaojidunga dawa za kulevya.

Mongolia ndiyo ya kusikitisha zaidi kwa maoni yangu. Ni nchi yenye watu wachache, lakini inaongoza dunia kwa kiwango cha saratani ya ini. Zaidi ya nusu ya wenye B kule wana D pia juu yake, na D ikikutana na B inaharakisha ini kuharibika kuliko B ikiwa peke yake. Na C wanayo, tena kwa wingi.

Pakistan, kwa hesabu za mwaka 2022, ndiyo yenye wagonjwa wengi wa C kuliko nchi yoyote, kama milioni 8.8. Kule utamaduni wa kuchomwa sindano kwa kila ugonjwa, hata mafua, umechangia sana. Mgonjwa anaona hajatibiwa mpaka achomwe.

---

Binti wa Pili

Nimekuwa msomaji kimya humu miaka mingi, leo imebidi nifungue akaunti.

Mimi nina B. Nilijua nilipokwenda kuchangia damu kwa ajili ya shangazi yangu aliyekuwa anafanyiwa upasuaji. Kijana wa maabara akanirudishia karatasi na kuniambia damu yangu haifai, nimwone daktari. Hiyo "haifai" ilinikaa kichwani miaka miwili. Nilikuwa najisikia vizuri, sina hata kuumwa kichwa.

Baadaye nikapata kazi mahali fulani, wakataka vipimo vya afya. Majibu yalipotoka nikaambiwa nafasi imejazwa. Aliyekuwa akinihoji akanipigia baadaye kwa siri, akanieleza sababu ni ini. Nyumbani nilitengewa sahani na kikombe. Mama yangu alivitenga kwa upendo, akiogopa wadogo zangu, na mimi nilikuwa naviosha peke yangu usiku ili mgeni asione.

Naomba Mwanamaabara uliandike hapa wazi ili wengine wasome. Sahani inaambukiza?

---

Mwanamaabara

Dada @Binti wa Pili, karibu sana, na asante kwa kujitokeza.

Sahani haiambukizi. Kikombe hakiambukizi. Kukumbatiana, kupeana mikono, kukohoa, kukaa chumba kimoja, kula pamoja, hakuna hata kimoja kinachopitisha B. Mama mwenye B ananyonyesha mtoto wake. Vinavyopitisha ni damu na majimaji ya mwili: kujamiiana na mtu asiye na kinga, sindano, wembe, mswaki, vifaa vya kutogea na kuchanjia ngozi. Kirusi cha B ni kigumu, kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kwenye damu iliyokauka na bado kikaambukiza, ndiyo sababu wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Wadogo zako wakichanjwa hawana cha kuogopa kwako.

Na kitu kingine. Duniani kote, kwa hesabu za mwaka 2022, kati ya watu 100 wenye B, ni kama 13 tu ndio waliokuwa wamepimwa wakajua, na waliokuwa wakipata dawa ni kama 3. Kwa hiyo wewe uko kwenye wachache wanaojua. Fuatilia ini lako kila baada ya miezi 6 au kadiri daktari atakavyopanga. Si kila mwenye B anahitaji dawa mara moja, ila kila mmoja anahitaji kuangaliwa.

---

Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Dada, ungejua kaka yangu angetoa nini apate hiyo karatasi ya "haifai" miaka 10 mapema. Samahani kama nimesema vibaya. Nimefurahi kwamba umeandika.

---

Binti wa Pili

Hujasema vibaya kaka. Nimekuelewa.

---

Nondo Fupi

Wakuu nina swali la kurudi kwenye mada. Mleta uzi amesema Afrika na Asia zote zina B nyingi, na zote maambukizi huanza utotoni. Lakini mbona nasikia China wameishusha na Afrika bado? Walifanya nini?

---

Mwanamaabara

Swali zuri, na jibu lake si la rangi moja.

Kwanza, utoto wa Asia na utoto wa Afrika haukuwa na mlango mmoja. Asia ya Mashariki akina mama wengi wenye B walikuwa wakiingia uzazi wakiwa na virusi vingi mno kwenye damu, hivyo mtoto aliambukizwa saa ileile ya kuzaliwa. Afrika akina mama wengi hufika umri wa kuzaa virusi vikiwa vimeshapungua, na sehemu kubwa ya maambukizi ilikuwa ya mtoto kwa mtoto kabla ya miaka 5: vidonda vinavyogusana, mikwaruzo ya kucheza, vifaa vya kuchanjia ngozi. Kwa hiyo Asia ilitupia macho chumba cha kujifungulia mapema. Nchi nyingi za Afrika zilianza na chanjo ya mseto (sindano moja yenye kinga za magonjwa kadhaa) ya wiki ya 6, kwa hoja kwamba itawahi kabla mtoto hajaanza kucheza na wenzake.

Taiwan ilianza mwaka 1984 kuchanja watoto wa mama wenye kirusi, na miaka miwili baadaye watoto wote. Taipei walipima watoto: mwaka 1984 karibu 10 kwa 100 walikuwa na B, mwaka 1994 kidogo zaidi ya 1. Saratani ya ini kwa watoto nayo ikashuka. Ilikuwa mara ya kwanza dunia kuona chanjo ikipunguza saratani kwa macho yake.

China ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1992 watoto wa chini ya miaka 5 wenye B walikuwa karibu 10 kwa 100. Mwaka 2014 walikuwa 0.3. Hebu isomeni tena hiyo. Ni nchi ileile, hospitali na vijiji vilevile, na bado ina wagonjwa wengi wa B kuliko nchi yoyote, kama milioni 80, kwa sababu waliozaliwa kabla ya chanjo bado wako hai. Kizazi kimoja kimebeba kirusi na kinachofuata hakina. Ukiangalia namba ya jumla peke yake utasema China imeshindwa.

Gambia nayo itajwe. Mwaka 1986 ilianza utafiti mkubwa wa kuchanja vichanga ili kuona kama saratani ya ini itapungua ukubwani, na mpaka leo mengi tunayojua kuhusu B Afrika yametoka kule.

---

Mzee wa Hesabu

Naongezea hapo kwa Afrika. Ile chanjo ya wiki ya 6 imesaidia sana, lakini haimfikii mtoto aliyeambukizwa siku ya kwanza. Ndiyo sababu inashauriwa dozi ya ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mwaka 2022 dozi hiyo iliwafikia watoto 45 kati ya 100 duniani. Afrika, 18. Na Afrika ndiko yanakotokea 63 kati ya kila maambukizi mapya 100 ya B. Hizo namba mbili zikae pamoja kwenye vichwa vyetu, 18 na 63.

Sababu ni kujifungulia nyumbani, jokofu lisilofika kijijini, na fedha za wafadhili kwa dozi hiyo kuchelewa miaka. Hakuna kinachohitaji uvumbuzi mpya.

---

Kijukuu

A na E hamjazigusa. Hizo zikoje kwenye nchi?

---

Mwanamaabara

Kwa kifupi, A ina tabia ya ajabu. Mahali ambapo maji na vyoo ni duni, karibu kila mtoto huipata kabla ya miaka 10, haumwi sana, anabaki na kinga maisha yote. Hivyo nchi yenye A nyingi kuliko zote inaweza isione mlipuko hata mmoja. Maji yakianza kuwa safi, watoto wanakua bila kinga, na siku kirusi kikiingia kinawakuta watu wazima, ambao huumwa vibaya. Shanghai mwaka 1988 watu kama 300,000 waliugua kwa muda mfupi baada ya kula kombe zilizovuliwa kwenye maji machafu na hazikuiva vizuri. Kwa hiyo milipuko ya A mara nyingine ni dalili ya nchi iliyo katikati ya njia, inayoinuka.

Milipuko mikubwa ya E mara nyingi huwakumba waliokimbia makwao. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2007 waliugua zaidi ya 10,000 kwenye kambi za waliohamishwa na vita. Darfur, Chad na Sudan Kusini wameonja pia. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho akiipata, hatari ya kufa inafika 20 hadi 25 kwa 100. Mwaka 2022 huko Bentiu, Sudan Kusini, ndiko chanjo ya E ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kupambana na mlipuko. Hizi A na E hazikai mwilini maisha yote kama B, isipokuwa E kwa watu wachache wenye kinga dhaifu.

---

Mama Mtarajiwa

Samahani wakubwa kwa kuingilia. Nina ujauzito wa miezi 7. Nimeusoma uzi wote tangu juu. Kliniki walinichukua damu ya vipimo vingi, sijui kama cha B kilikuwemo. Nikaulize nini hasa? Naogopa kuonekana mjuaji.

---

Mwanamaabara

Dada yangu, uliza bila woga, mtoto ni wako. Sema hivi: "Je, nimepimwa homa ya ini B?" Kwenye karatasi kipimo kinaandikwa HBsAg. Kama hakimo, omba kifanyike sasa.

Kikitoka hasi, mtoto bado apate dozi yake ndani ya saa 24 za kuzaliwa kama inapatikana, kisha aendelee na ratiba ya wiki ya 6 na zinazofuata. Kikitoka chanya, usiku huo lala bila hofu. Waambie wapime wingi wa virusi, maana ukiwa na vingi kuna kidonge cha kumeza miezi hii ya mwisho kinachovishusha kabla ya uchungu, na mtoto akizaliwa apate chanjo mapema iwezekanavyo, pamoja na sindano ya kingamwili kama ipo. Ukifuata hivyo, walio wengi kabisa huzaa watoto wasio na kirusi. Utanyonyesha kama kawaida.

---

Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Na ukijifungua, mtu atakayekusindikiza mwambie mapema kuhusu hizo saa 24. Wewe utakuwa umechoka, yeye ndiye akumbuke.

---

Mama Mtarajiwa

Nimerudi. Kipimo hakikuwemo, nimepimwa leo asubuhi, hasi. Nesi hakunishangaa hata kidogo. Nimeandika "dozi ya kwanza ndani ya saa 24" juu ya kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu, na mume wangu ameipiga picha ikae kwenye simu yake.

Kaka mleta uzi, kaka yako aliitwa nani? Nataka kumtaja kwenye dua.

---

Mtunza Kumbukumbu (mleta uzi)

Nimekuandikia jina lake kwenye ujumbe wa faragha, dada. Nimemsomea mama ulichoandika. Amekuombea ujifungue salama.